Gari la Chama Linapoitwa na Kiwanda

Chama cha msingi kinapopata gari, mambo matatu hufanyika bila kukumbushwa na mtu. Jina la chama huandikwa mlangoni kwa rangi, dereva huajiriwa, na gari huingizwa katika daftari la mali kwa bei iliyolipwa. Jambo la nne aghalabu halifanyiki, nalo ni kuuliza kama kiwanda kilichounda gari hilo kimekwisha kutangaza kwamba lina kasoro ya hatari. Wakati wa ukaguzi, faili la gari huonekana limejaa stakabadhi za mafuta hadi lita ya mwisho, lakini karatasi moja ya kujibu swali hilo haimo.

Kila mwaka viwanda vya magari hugundua kwamba baadhi ya magari yaliyokwisha kuuzwa yalitoka kiwandani na kosa. Huenda breki zikashindwa kushika, pampu ya mafuta ikasimama gari likiwa mwendoni, au waya ukashika moto. Kosa la namna hiyo likiwa linaweza kuua au kujeruhi, sheria za nchi nyingi humlazimu mwenye kiwanda kulitangaza, kuwaarifu wenye magari, na kuyaita magari hayo yarudi kwa mawakala wake ili yarekebishwe bila malipo. Marekani ilitunga sheria yake ya usalama wa magari mwaka 1966, na Japani ikaanza utaratibu wa kutangaza kasoro hizo mwaka 1969. Tangazo la namna hiyo litaitwa hapa mwito wa kiwanda.

Mwito usichanganywe na dhamana. Dhamana ni ahadi ya muuzaji kwa mnunuzi, nayo ina muda wake na kilomita zake, vikiisha, imekwisha. Mwito hufuata gari lenyewe, hata kama limeuzwa mara tatu na kuvuka bahari. Tena usichanganywe na uchakavu, kwa maana tairi lililolika au breki zilizokwisha ni juu ya mwenye gari. Wala kuitwa kwa gari si aibu kwa kamati iliyolinunua. Kiwanda kinachoita magari yake mara kwa mara huenda kinajitazama vizuri kuliko kile kinachonyamaza.

Jambo linalowapoteza wengi ni kwamba kasoro za aina hii mara nyingi hazina dalili. Gari huwaka vizuri asubuhi, halitoi moshi, halipigi kelele, na dereva huapa kwamba ni zima. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliita magari madogo yapatayo milioni 2.6 kwa sababu swichi ya ufunguo iliweza kujizima yenyewe gari likiwa barabarani. Injini ikazimika, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva ikakosa kufunguka. Mfuko wa fidia uliowekwa na kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124. Mojawapo ya sababu za swichi kujizima ilikuwa uzito wa funguo nyingi zilizotungwa pamoja, na kabla ya kurekebishwa wenye magari waliambiwa waache ufunguo wa gari peke yake. Makatibu wenye mazoea ya kutunga ufunguo wa gari pamoja na wa ghala, wa ofisi na wa sanduku la fedha wangekuwa katika hatari hiyo bila kujua.

Hata hivyo mwito mkubwa kuliko yote katika historia ya magari ni ule wa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani, nao unayagusa magari ya Afrika Mashariki kwa karibu sana.

Mfuko wa hewa hukunjwa ndani ya usukani, na mwingine ndani ya dashibodi mbele ya abiria. Gari linapogonga kwa nguvu, vidonge vya baruti vilivyomo katika kikopo cha chuma huwaka, gesi ikajaza mfuko kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na dereva akaangukia mfuko badala ya usukani. Takata ilitumia naitreti ya amonia katika vidonge hivyo. Kwa watu wa ushirika dawa hiyo si ngeni, kwa kuwa ni jamaa ya karibu ya mbolea ya CAN inayouzwa na vyama. Mtunza ghala yeyote anajua jinsi mbolea hiyo inavyovuta unyevu mfuko ukifunguliwa, ikagandamana kuwa jiwe. Ndani ya kikopo cha Takata mambo hayakuwa tofauti sana. Unyevu na joto la mchana, likifuatwa na ubaridi wa usiku, mwaka baada ya mwaka, viliharibu vidonge hata vikawa vinaungua upesi kupita kiasi. Vikiwaka, kikopo hushindwa kuzuia nguvu ya gesi na kupasuka, na vipande vya chuma hurushwa kwenye shingo, uso na kifua cha yule ambaye kifaa kiliwekwa kumwokoa. Hivyo ajali ndogo, ambayo mtu angetoka na michubuko, humuua.

Honda ilikuwa ya kwanza kuita magari machache kwa kasoro hiyo mwaka 2008. Kisha likafuata kundi baada ya kundi, hata vikopo vilivyoitwa Marekani peke yake vikafikia milioni 67 hivi, na duniani kote hesabu ikakaribia milioni 100, katika magari ya makampuni zaidi ya kumi. Marekani watu zaidi ya 25 wamekufa na zaidi ya 400 wamejeruhiwa. Malaysia nako kumekuwa na vifo. Mwaka 2017 Takata ilikiri katika mahakama ya Marekani kosa la udanganyifu, kwa kuwa taarifa za majaribio zilizopelekwa kwa watengeneza magari hazikuwa za kweli, na katika mwaka huo huo ikafilisika.

Wakubwa wa usalama wa magari nchini Marekani walipopanga nani atangulie kurekebishiwa gari, walianza na wakazi wa mahali penye joto na unyevu mwingi, kama Florida na Hawaii, kwa sababu huko vikopo viliharibika mapema zaidi. Mwanachama wa Mtwara, Lindi, Tanga au Mombasa hahitaji kuelezwa joto na unyevu ni nini. Gari la chama hushinda juani nje ya ofisi, hulala nje penye umande, na kesho hurudia hayo hayo. Hakuna sababu ya kudhani kwamba kikopo kilichoharibika Florida kitasalimika Mtwara. Vyama vya kahawa vya milimani navyo visijione vimepona, maana gari lililofika Moshi au Nyeri leo lilikwisha kukaa kwingine miaka mingi kabla ya kuletwa.

Miongoni mwa magari yaliyoitwa yamo baadhi ya Corolla, Vitz na RAV4 za Toyota, Honda Fit, Subaru Forester, Nissan Navara, Mitsubishi L200 na Ford Ranger. Ieleweke kwamba si magari yote yenye majina hayo. Ni ya miaka fulani na ya namba fulani tu, na ndiyo sababu jina la gari peke yake halitoshi kumtia mtu hofu wala kumpa matumaini.

Hapa ndipo vyama vya Afrika Mashariki vinapoachwa nyuma. Kiwanda kikitoa mwito, barua hupelekwa kwa mtu ambaye jina lake limo katika orodha ya wenye magari. Gari lililonunuliwa jipya kwa wakala wa kiwanda, Dar es Salaam au Nairobi, lina jina la chama na sanduku lake la posta katika orodha ya wakala, nayo barua itafika, mradi chama hakijahama sanduku. Lakini magari mengi ya vyama hayanunuliwi hivyo. Hununuliwa yakiwa yamekwisha kutumika, kutoka Japani, kwa mnada au kwa mwuzaji wa kati. Barua ya mwito wa gari hilo, kama iliandikwa, ilipelekwa Osaka au Nagoya kwa mtu aliyeliuza zamani. Wakala wa hapa hakuliuza gari hilo na hajui kwamba lipo. Kwa hiyo chama chenye gari la namna hiyo kisingoje barua, maana haitakuja. Ni chama kitakachouliza.

Wala kisitegemee kwamba ukaguzi wa gari kabla ya kupakiwa melini umekwisha kuuliza kwa niaba yake. Ukaguzi huo hutazama hali ya gari siku ile: breki, taa, tairi, kutu, mwendo uliosomwa. Gari laweza kufaulu yote na bado likawa na kikopo cha Takata ndani ya usukani. Tena kuna jambo la kufikiri. Tangu Mei 2018 Serikali ya Japani hukataa kuyapa cheti cha ukaguzi magari yenye mifuko fulani ya Takata ambayo hayajarekebishwa. Mwenye gari la namna hiyo huko Japani lazima alirekebishe, na hulirekebisha bure, au aliondoe barabarani. Gari lililoondolewa barabarani kule laweza kabisa kuuzwa nchi za nje. Bei nzuri isiyo ya kawaida ina sababu yake mahali fulani.

Njia ya kuuliza ni namba ya chasisi. Magari yaliyoundwa kuuzwa ndani ya Japani hayana namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 kama yale yaliyoundwa kwa ajili ya Ulaya, Marekani, Thailand au Afrika Kusini. Yana namba fupi yenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni aina ya gari, kwa mfano NZE121 kwa aina moja ya Corolla. Kisha huja kistari, na baada yake tarakimu za gari lenyewe. Makatibu kadhaa huingiza namba hiyo fupi katika tovuti za Marekani zinazotaka herufi na tarakimu 17, zikakataa, nao wakaondoka wakiamini kwamba gari halina mwito. Kukataliwa kwa namba si jibu. Namba ya Kijapani iulizwe katika tovuti ya kiwanda chenyewe kule Japani, mahali maalumu pa miito. Maandishi ni ya Kijapani, lakini kisanduku cha kuandikia namba hakihitaji lugha, na simu za siku hizi hutafsiri kiasi cha kutosha. Namba ya tarakimu 17 iulizwe katika tovuti ya kiwanda au kwa wakala. Pasipo mtandao wa kutegemewa, namba ipelekwe kwa maandishi kwa wakala mjini, au kwa ofisi ya chama kikuu iulize kwa niaba ya vyama kadhaa kwa mara moja.

Namba isichukuliwe kutoka kadi ya gari peke yake. Aliyeandika kadi huenda alisoma herufi O badala ya sifuri, au I badala ya 1, na kosa moja hutosha kuleta jibu la gari la mtu mwingine. Namba isomwe penye chuma ilipogongwa, ndani ya boneti au kwenye fremu, ilinganishwe na kadi, na ilinganishwe na cheti cha kulitoa gari Japani ambacho mwuzaji hutoa pamoja na hati za shehena. Zikitofautiana, chama kina shida nyingine kubwa zaidi ya mwito, nayo iripotiwe siku hiyo hiyo.

Jibu likiwa kwamba gari halina mwito, liandikwe pamoja na tarehe, kwa sababu ni jibu la siku hiyo tu. Miito mingine hutolewa miaka kumi baada ya gari kuundwa. Desturi nzuri ni kuuliza upya kila bima inapofanywa upya, maana siku hiyo faili la gari limekwisha kufunguliwa. Jibu likiwa kwamba gari lilikwisha kurekebishwa, lisomwe kwa uangalifu vile vile. Baadhi ya magari ya Takata yaliwekewa kikopo kipya cha kampuni ile ile hapo mwanzo, kisha yakaitwa tena mara ya pili.

Na jibu likiwa kwamba gari linaitwa, ndipo kazi ngumu inapoanza, nayo haimo mtandaoni bali kwenye meza ya kamati.

Mfano mmoja utaonyesha. Chama cha wakulima wa korosho kimenunua gari la mizigo midogo lililotumika, likafika mwezi wa Septemba. Minada ya korosho huanza Oktoba. Katibu amesoma namba, ameuliza, na amepata kwamba mfuko wa hewa upande wa dereva unaitwa. Analeta habari kwenye kamati. Mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya, anasema, “Ndugu Katibu, gari hili limetembea miaka kumi na mitano halijamuua mtu. Tumalize msimu kwanza, Januari tutalipeleka.” Mjumbe mmoja anakumbusha kwamba wanachama walikatwa katika mazao yao ili gari linunuliwe, nao wakiliona limeegeshwa watauliza. Dereva yuko nje, anafuta kioo. Hakuitwa ndani.

Hoja ya mwenyekiti ina kosa moja kubwa. Mfuko wa Takata haujaribiwi kwa kuendeshwa. Hujaribiwa mara moja tu, siku ya kugonga. Miaka 15 bila ajali haithibitishi lolote juu ya kikopo, ila kwamba kimezeeka miaka 15. Mjumbe naye amesema kweli kwamba wanachama watauliza. Lakini mwanachama anayeuliza kwa nini gari limeegeshwa hujibiwa kwa karatasi moja. Mjane wa dereva anayeuliza kwa nini kamati ilijua na ikanyamaza hana karatasi ya kujibiwa, hasa kama kumbukumbu za mkutano zinaonyesha kwamba jambo lilizungumzwa. Na jambo la kwanza ambalo kamati hiyo ingepaswa kufanya ni kumwita dereva ndani akae asikie, kwa kuwa shingo inayozungumzwa ni yake.

Haina maana kwamba kila mwito huegesha gari. Tangazo la mwito lenyewe husema kiasi cha hatari, nalo lisomwe lote. Iko miito ya maandishi yaliyokosewa kwenye kibandiko. Iko ya pampu ya mafuta, kama ile iliyoita mamilioni ya magari ya Toyota na mengine mwaka 2020, ambayo gari laweza kuzimika njiani. Gari hilo laweza kupelekwa kwa wakala kwa uangalifu, mchana, bila kubeba abiria. Tena iko miito ambayo kiwanda husema waziwazi kwamba gari lisiendeshwe kabisa. Januari 2024 Toyota ilitoa onyo la namna hiyo Marekani kwa magari yapatayo 50,000 ya aina za Corolla na RAV4 ya mwaka 2003 hadi 2005, yote kwa sababu ya Takata. Tangazo likisema lisiendeshwe, basi hata safari ya kwenda kwa wakala hufanywa gari likiwa limebebwa au wakala amekuja. Likiitwa kwa mfuko wa upande wa abiria tu, kiti hicho kiachwe wazi mpaka kazi imalizike, na asikalishwe hapo mwenyekiti wala mgeni wa heshima, ambao kwa desturi ndio hupewa kiti cha mbele.

Katika mfano wa korosho, chama kingefanya vyema kuegesha gari, kukodi kwa safari zisizoepukika, na kuandika gharama hiyo mbali na gharama nyingine ili mkutano mkuu uione ilivyo. Ni hasara, ila ina mwisho wake.

Lipo pia shauri ambalo hutolewa mara moja katika kila gereji ya mjini, kwamba fundi aung'oe mfuko, au auwekee mwingine uliotolewa katika gari bovu. Mashauri hayo yote mawili yakataliwe. Kikopo hicho ni baruti, nacho chaweza kulipuka mikononi mwa mtu anayekifungua bila vyombo na bila mafunzo. Mfuko uliotolewa katika gari bovu la umri ule ule huenda ni wa Takata vile vile, tena sasa haujulikani ulikotoka. Na gari ambalo mfuko wake umeng'olewa kienyeji hupelekwa kwa wakala likiwa na mgogoro mpya.

Kwa wakala mambo hayaendi sawa mahali pote, na makatibu wajiandae. Wengine hulipokea gari bila maneno, kwa kuwa kiwanda huwarudishia gharama. Wengine husema hawakuliuza wao, au kwamba kipuri cha gari la Kijapani hawana. Katibu asigombane kaunta. Aombe jibu hilo kwa maandishi, lenye tarehe na mhuri. Kisha chama kiandike barua kwa wakala na nakala kwa kiwanda, nakala kwa chama kikuu, na, jambo likikwama, nakala kwa chombo cha serikali kinachowalinda walaji: Tanzania ni Tume ya Ushindani, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2003, na Kenya ni Mamlaka ya Ushindani, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2010. Kazi ya mwito haina malipo, iwe ya kipuri au ya ufundi. Ankara yoyote itakayoletwa ikaguliwe mstari kwa mstari kabla ya kutiwa sahihi, kwa maana huduma nyingine, kama kubadili mafuta ya injini, huweza kuingizwa humo bila chama kuiomba.

Thamani ya karatasi ilionekana Japani kwenyewe. Januari 2002, katika mji wa Yokohama, gurudumu la lori la Mitsubishi lilichomoka likamuua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake. Kampuni ilisema kosa ni la wenye malori, kwamba hawakuyatunza vizuri. Ilichukua hadi mwaka 2004 kampuni ya Mitsubishi Fuso kukiri kwamba kitovu cha gurudumu kilikuwa na kasoro ya uundaji, na kuyaita malori. Malori ya jina hilo yanajulikana katika kila kijiji chenye mazao. Mwenye lori asiye na daftari la matengenezo angewezaje, katika miaka ile miwili, kujibu kwamba alilitunza?

Kwa sababu hiyo faili la gari la chama liwe na namba ya chasisi iliyosomwa penye chuma, jibu la kila mara lililopatikana kwa kuuliza pamoja na tarehe, muhtasari wa kamati ulioamua gari liegeshwe au liendeshwe na kwa masharti gani, barua zote za wakala, na hati ya kazi iliyofanywa yenye namba ya mwito. Hati hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, nayo idaiwe kabla gari halijatoka katika karakana.

Barua yenyewe haihitaji maneno mengi. Iliyo hapa chini yaweza kunakiliwa na chama chochote, ikajazwa.

“Kwa Meneja wa Huduma. Chama chetu kinamiliki gari aina ya ......, la mwaka ......, lenye namba ya chasisi ......, lililosajiliwa kwa namba ....... Gari hili lilinunuliwa likiwa limetumika, kutoka ......, tarehe ....... Tarehe ...... tumeuliza na kuona kwamba linahusika na mwito wa kiwanda namba ......, kuhusu ....... Tunaomba mtujulishe kwa maandishi, katika muda wa siku kumi na nne, tarehe mtakayolipokea kwa marekebisho bila malipo, au sababu ya kutolipokea. Mpaka hapo gari limeegeshwa kwa uamuzi wa kamati wa tarehe ....... Ni sisi katika ujenzi wa ushirika, Mwenyekiti na Katibu.”

Maneno ya kuegesha yaachwe kama gari halikuegeshwa, kwa maana barua ya chama isiseme jambo ambalo halikufanyika.

Chama ambacho bado hakijanunua kina nafasi nzuri kuliko vyote. Namba ya chasisi iombwe kwa mwuzaji kabla ya fedha kutumwa, na iulizwe siku hiyo hiyo. Mwuzaji anayekataa kuitoa amekwisha kujibu. Gari likionekana linaitwa, mwuzaji atakiwe kulirekebisha huko Japani, ambako kazi hiyo ni bure na vipuri viko karibu, na hati ya marekebisho iwe moja ya hati ambazo chama hungoja kabla ya kulipa fungu la mwisho. Asifikiriwe kuwa mwuzaji atafanya hivyo kwa hiari: hata Marekani, ambako sheria humkataza mwuza magari kutoa gari jipya lenye mwito usiotekelezwa, katazo hilo haligusi magari yaliyotumika.

Na siku chama kitakapoliuza gari hilo, faili lote liende pamoja nalo kwa mnunuzi, nakala ikibaki ofisini.